Mashine Iliyopozwa kwa Dirisha

Watu wa Karatu wanajivunia baridi yao kana kwamba wameitengeneza wenyewe. Ndiyo maana, redio yetu ndogo ilipopewa seva zilizotumika na kampuni moja ya utalii, hakuna aliyemsikiliza sana fundi aliyezileta kutoka Arusha.

Zilikuwa kompyuta nyembamba zinazochomekwa wima, ubavu kwa ubavu, ndani ya kasha moja zito, kama sahani kwenye kichanja. Fundi alitupa masharti kama mtu anayeacha mgonjwa mikononi mwa ndugu. Kasha likae kwenye fremu ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa bolti, maana uzito wake si wa kuweka mezani. Mbele pawe wazi livute hewa baridi, nyuma pawe wazi liteme ya moto. Umeme uingie kwa njia mbili. Chumba kifungwe, kiwekewe kiyoyozi chake, vumbi lisipate pa kupita.

"Kiyoyozi, Karatu?" mkurugenzi wetu alicheka. "Fungueni dirisha hilo. Baridi ya msitu wa Ngorongoro ni ya bure."

Tulicheka naye wote. Nani asingecheka? Fremu tulichomelewa na fundi wa mageti pale mjini, imara kweli, ila kina chake kilikuwa kifupi, na mgongo wa kasha ukabaki umekaribiana na ukuta. Upande huo wa nyuma ndio ukawa jiko letu. Mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi mlangoni, ungetukuta tumejibanza kando yake na vikombe vya chai, masweta yaliyolowa yametundikwa kwenye fremu yakauke.

Hapo ndipo nilipozoeana na mtangazaji wetu wa vipindi vya wafugaji, Mmaasai wa Kakesio, ambaye shuka lake lilikuwa na nafasi yake maalumu juu ya ile fremu.

"Dada wa Singida," alinitania, "kwenu kuna jua la kutosha. Baridi hii mliifuata nini?"

"Wazazi wangu walifuata kahawa ya kuvuna. Na wewe uliyeacha ng'ombe ukafuata maiki?"

Yeye aliwarekodi wazee, mimi nikazisafisha sauti zao kabla hazijarushwa, na seva zikazitunza. Miongoni mwa wazee hao alikuwemo baba yake mwenyewe, akibariki mifugo kwa Kimaasai. Sikuelewa hata neno moja, lakini kipindi hicho nilikipenda kuliko vyote.

Kisha yule mzee akafariki. Mwenzangu alirudi kazini amenyoa kichwa, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la baba yake. Kwao jina la marehemu halitamkwi na watu wake, na sisi tuliozoeana naye tukajifunza kusema "mzee" tu. Tatizo ni kwamba rekodi ile ilikuwa imehifadhiwa kwa jina hilohilo. Lilikaa kwenye skrini kwa herufi kubwa, naye akikutana nalo kila asubuhi.

Kiangazi kilipofika, vumbi jekundu likaanza. Nikifungua dirisha liliingia vumbi, nikilifunga chumba kilichemka. Kasha likawa linanguruma na kujizima lenyewe. Mkurugenzi akaogopa, akaniagiza nimwulize kila mtu anataka nini kinakiliwe kwanza, maana diski ya nje tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo. Mama anayetupikia chai alitaka kwaya ya kanisa lao kule Kansay. Wengine walitaka matangazo yao, mwingine mahojiano aliyojisikia fahari nayo.

Mwenzangu wa Kakesio alisimama mbele ya skrini. Macho yake yalifika kwenye lile jina, yakatua hapo.

"Nitakuambia, dada," akasema.

Nikajua anachotaka. Lakini nikilitaja jina nitamkosea, na nikilionyesha kwa kidole nitakuwa nimelitaja vilevile. Kuinakili kimyakimya nako niliona si sawa, maana sauti ya marehemu ni ya wanawe, mgeni haigusi bila ruhusa. Basi nikasubiri aniambie, naye nadhani alisubiri nimwelewe. Adabu yake na adabu yangu zilikutana pale, zikasalimiana, zikapita.

Mashine ilizimika mchana mmoja katikati ya salamu za wasikilizaji, na haikuwaka tena. Yeye alikuwa Kakesio likizoni. Fundi wa Arusha alirudi, akachomoa kompyuta moja, na ndani kulikuwa na utandu wa vumbi jekundu ulioshikamana na nyuzi za masweta yetu. Diski zilikuwa humohumo, zimeungua pamoja na vifaa vingine. Alituangalia, akaangalia dirisha, na hakutugombeza. Heri angetugombeza.

Mwenzangu aliporudi alikuja moja kwa moja mezani kwangu, amefurahi, mkewe amejifungua binti.

"Sasa nipatie ile sauti ya mzee," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuiomba. "Mtoto amsikie babu yake."

Nikamwambia. Sikujua namna nzuri ya kusema, nikasema tu. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Yale maneno si kitu," akasema. "Baraka zile nazijua, nitamfundisha mwenyewe. Nilitaka kile kikohozi chake. Kabla hajaanza kusema alikuwa anakohoa, kile cha kifuani. Akifika boma, tukikisikia tu, sisi watoto tunajua baba amerudi."



"Kaka," nikamwambia, "vikohozi nilivikata. Tangu siku ile ulipoileta rekodi. Niliona mzee asikike vizuri redioni."



"Kwa hiyo hata mashine ingepona..."

"Hata ingepona."

Aliinuka, akalitengeneza shuka begani. "Basi afadhali imeungua, dada," akasema, kwa upole, akanigusa bega kana kwamba mfiwa ni mimi.