Gonga Mara Mbili

Wateja walimwita Besi, na fundi huyu wa redio za magari alikuwa na sharti moja: hafungi sabufa bila mkewe kukaa kiti cha dereva. Watu walicheka, wakasema jamaa kalishwa limbwata. Wacheke tu. Anayehangaika na boksi la sabufa kwenye buti hasikii anachosikia dereva, na boksi lenye tundu la kutolea mlio ni kaidi kweli: ukiligeuza vibaya kidogo tu, besi inapotea. Kwa hiyo yeye alisukuma, mkewe akasikiliza. Akigonga mlango mara moja, bado. Mara mbili, hapo hapo, usiguse. Miaka kumi na tisa walifanya hivyo, na hakuna gari lililorudi.

Mkewe alizikwa Jumamosi. Jumatano fundi alifungua karakana. Hakulia msibani wala nyumbani. Alikula alichopewa, akalala alipoonyeshwa. Dada yake alipomwambia apumzike, alijibu, "Nipumzike nifanye nini?"

Siku hiyo alimfungia sabufa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, bila kumwita mtu wa kusikiliza. Kesho yake asubuhi mzee huyo alirudi.

"Pole na msiba, fundi."

"Nimeshapoa, mwalimu."

"Ila hii besi siisikii. Inanguruma huko huko nyuma."

Fundi alifungua buti. Lahaula, tundu lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa buti, hata kidole hakipiti. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Alilitazama tu, moyo hata haukushtuka. Akawaza kwamba kama hili limemshinda, basi karakana aifunge, na kazi nyingine haijui.

"Kaa kwenye usukani, mwalimu. Ikiwa bado, gonga mlango mara moja. Ikikaa sawa, mara mbili."

Akaligeuza boksi, tundu likatazama nyuma, akaacha nafasi ya kiganja. Ngo. Akalisogeza mbele. Ngo. Akalivuta kushoto, taratibu, mpaka besi ikamwingia magotini.

Ngo, ngo.

"Haya, mama watoto, shuka ukanywe chai," akasema, kama alivyosema siku zote.

Mwalimu hakushuka. Alizima redio, akakaa akitazama mbele.

"Pole, fundi," akasema.

Safari hii fundi hakusema ameshapoa. Aliinamia boksi akalia, machozi yakidondokea zulia la buti, na mwalimu akamsubiri.