Siku Niliyomkanyaga Mama Mgongo

Kila jioni, akitoka kupalilia, mama alijilaza kifudifudi juu ya mkeka na kuniita nimkanyage mgongo. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi za landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru. Nilikuwa kitinda mimba wa watoto tisa, na nyayo zangu, alisema, zilijua mahali panapouma. Nilitembea taratibu kutoka kiunoni hadi mabegani nikishika ukuta, naye akiguna kwa raha.

Niliacha shule darasa la nne nikaanza kuzurura. Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa kijana mkubwa, nikikamua ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja huko Dundori. Siku moja nilimwona ng'ombe akitafuna mfupa mkavu kama mbwa. Nilicheka, nikamwuliza nyapara.

"Anatafuta chake," akasema. "Maziwa unayokamua, sehemu yake hutoka mifupani mwake. Asipolishwa unga wa mifupa, siku moja atavunjika mguu akishuka mteremko."

Nilipenda sana kujua mambo, na hili nilimsimulia kila niliyekutana naye. Sikuwahi kumfikiria mama, aliyenyonyesha watoto tisa.

Nilipopewa wiki moja ya mapumziko nilishuka nyumbani. Mama alikuwa amefupika. Leso yake iliburutika chini. Nilimtania kwamba ardhi ya landhi inammeza. Jioni akatandika mkeka.

"Njoo unikanyage."

"Mama, mimi sasa ni gunia la viazi."

"Gunia gani, na huko unalishwa posho tupu? Panda!"

Nilisita, kisha nikapanda. Nilitaka aone kwamba bado mimi ni wake. Katika hatua ya pili nilisikia mlio chini ya unyayo, mdogo, kama kijiti kikavu cha kuwashia moto. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Shuka," kwa sauti ya mtu asiye na pumzi ya neno la pili.

Asubuhi, hospitalini, msaidizi wa daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Mbavu tatu. Nilimsumbua kwa maswali hata pale.

"Mfupa si jiwe," akaniambia. "Mwili huubomoa na kuujenga kila siku. Mwanamke akishapita umri wa kuzaa, ubomoaji huushinda ujenzi. Mbavu za mamako zimebaki kama ganda. Hata kikohozi kingeweza kuzivunja." Kisha akamgeukia mama. "Nani alikupiga?"

"Nilianguka," mama akasema, akinitazama ninyamaze.

Shida ni kwamba kila mke aliyepigwa pale landhi alisema hivyo hivyo. Baba alikuwa mkali wa maneno, lakini hakuwahi kumwinulia mama mkono. Nani angeamini? Kesho yake baba alipopita bombani, mmoja wa wanawake waliokuwa wakiteka maji akasema kwa sauti ili asikie, "Mzee, ukimaliza mbavu, bakisha shingo!" Wengine wakacheka. Baba hakugeuka. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na debe la maji mkononi. Siku ya tatu nikarudi Dundori, wiki yangu haijaisha.

Nilikaa huko miezi minne. Niliporudi, mama alikuwa bado analala ameketi, na akicheka alijishika ubavu. Watu walikuwa hawamsalimii baba. Hata kanisani aliketi kwenye benchi peke yake.

Nilimkuta akifunga kamba za viatu vya kazi.

"Baba, ni mimi niliyemvunja."

"Najua. Aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukujitetea?"

"Alinikataza. Alisema wewe ukiaibika hutarudi tena." Akavuta kamba. "Na wewe umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa najua," akasema, akainamia kiatu cha pili.

Nilichukua debe nikatoka. Ilikuwa saa ya kuteka maji, na nilisikia vicheko vya wanawake kabla sijafika bombani. Waliponiona walinisogezea nafasi.

"Pole na mamako, mwanangu," akasema yule wa mbavu na shingo. "Pita mbele, usipange foleni."

Sikupita mbele. Niliweka debe chini, mbali na bomba, nikaomba wanisikilize.