Gazeti Lisilo na Jalada

Niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba askari wa vizuizini walichana majalada ya magazeti kwa sababu yaling'aa mno. Jua likilipiga jalada, waasi milimani wanaona mng'ao na kujua gari limefika wapi. Aliyenieleza ni Hajji wa sokoni Jabe, aliyetuuzia gazeti la wanamuziki. Siku ile ile nilirudi nyumbani nikageuza kioo changu cha kunyolea kitazame ukuta. Usalama wa Bujumbura nzima ulikuwa mikononi mwangu.

Gazeti lilikuwa la Kifaransa, la ng'ambo, na kila toleo lilikuwa na shindano: maswali, kuponi ya kukata, zawadi redio. "Majibu yafike kabla ya mwisho wa mwezi." Mama yangu alileta mboga mjini kutoka Kanyosha, na kila asubuhi aliondoka bila kujua kama mbele kuna risasi. Nikamwambia, "Mama, redio inakuja. Utasikiliza kwanza, ndipo utoke." Mambo ya wanamuziki niliyajua kuliko wanamuziki wenyewe.

Darasani tulikuwa saba tuliochanga kulinunua. Kisha Hajji akaanza kupandisha bei.

"Profesa, barabara ni mbaya, karatasi imekuwa dhahabu. Mi nifanye nini?" Na alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Bei ikapita ya kilo ya sukari, ikaifukuza ya nyama. Wenzangu wakajitoa mmoja mmoja. Wa mwisho alinitupia gazeti mapajani.

"We, humu wanasema huyu mwimbaji ataolewa. Redio ya jirani inasema ameshaachika, ana watoto wawili!"

"Redio zina haraka," nikamjibu. "Gazeti linachunguza kwanza."

Nikabaki msomaji peke yangu. Niliacha chakula cha mchana, nikakonda hadi upepo wa ziwani ukawa unanisalimia kwa kunisukuma. Kuponi tisa nilipeleka posta. Mama alikuwa akiuliza habari ndefu ndefu, sasa aliniona tu, akasema, "Bado?"

Nilikuwa nakata ya kumi darasani, pembeni ya mwanafunzi mpya, mama mmoja mfanyakazi wa duka la vitabu mjini. Alichukua gazeti, akapapasa gundi kavu pale jalada lilipokuwa.

"Umenunua wapi?"

"Kwa Hajji, Jabe. Jalada wamechana askari, kwa sababu lin—"

"Apana. Tunachana sisi, dukani. Bei ikishinda watu, gazeti linalala bila kununuliwa. Tunarudishia wachapishaji jalada tu, waone halikuuzwa, na tarehe inaenda nalo. Karatasi inayobaki ni ya kutupa. Huyo Hajji wako anaiokota bure nyuma ya duka." Akanirudishia. "Hii ni ya mwaka juzi, ndugu yangu. Redio ilishapata mwenyewe."