Maziwa ya Njiani

Mama alikuja Sydney kwa ajili ya uzazi wangu, akiwa na tiketi ya kurudi Tanga baada ya arobaini. Arobaini ikapita, ndege zikasimama, mama akabaki nasi Parramatta, akiilaumu korona kwa kila kitu, hata wali ukiungua. Mume wangu alikuwa kazini Perth, na mipaka ya majimbo ilipofungwa akawa amekwama hukohuko. Nyumbani tukawa watatu: mama, mimi na mtoto.

Mimi sina subira, na mama ana masharti. Sharti lililoniudhi kuliko yote lilikuwa hili la maziwa ya njiani. Mzazi akitoka nje, hata kama ni dukani tu, akirudi asimnyonyeshe mtoto papo hapo. Aoge, akae, akamue kidogo amwage, kwa sababu maziwa yaliyotembea yameshika upepo na uchovu, yatamsokota mtoto tumbo. Nikamwambia nimesomea uuguzi, na maziwa hayashiki upepo. Akanijibu, "Na mimi nimelea wanne, na wa mwisho ndiye huyu anayenibishia." Basi nikawa nakamua kwa hasira kwenye sinki, matone mawili, huku nabamiza milango ya kabati ili asikie.

Mtoto alikuwa na miezi mitano nilipoitwa kazini. Nyumba moja ya wazee kule milimani, mbele ya Katoomba, ilikuwa imeishiwa watu, wengine wamejitenga wakingoja majibu ya vipimo. Zamu ya siku moja, asubuhi mpaka saa tisa. Nikaacha maziwa ya kutosha kwenye friji. Mama akanitilia uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, ule wa kuongeza maziwa, akaniamuru nisirudi na hata tone. Njiani nikamchukua mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mkongo wa Fairfield, akakaa kiti cha nyuma na barakoa yake kama tulivyoagizwa.

Mchana mama akapiga simu. Mtoto amekataa chupa. Amejaribu kijiko, amejaribu kikombe, anatema na kulia. "Wewe maliza kazi ya watu," akasema, lakini nilikisikia kilio nyuma yake, na maziwa yakaanza kunichoma palepale, chini ya aproni ya plastiki.

Tulipotoka saa tisa theluji ilikuwa imeshaanguka, na kioo cha mbele cha gari kimeganda barafu tupu. Nikawasha waipa, zikanata. Ungemwona mtu aliyesoma siku ile! Nilifungua chupa ya mama nikaumwaga uji wote juu ya kioo, nikijua moto wake utayeyusha. Kumbe ulikuwa vuguvugu tu. Ukatambaa taratibu, ukafika katikati, ukaganda na pilipili manga zake.

"Eh, dada! Uji ni ya kukunywa," mwenzangu akasema. Akatoa kadi yake ya benki. "Leta na yako, tukwangue."

Tukakwangua, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kulia, yeye alikuwa anacheka ndani ya barakoa, nikajikuta na mimi nacheka.

Hatukufika mbali. Polisi alikuwa amesimamisha magari barabara kuu. Mawili yalikuwa yameteleza kule mbele. Alisema tungoje lori lije kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Chumvi barabarani, kama samaki wa kuanika! Tukangoja mpaka giza likaanza kuingia. Nikampigia mama, simu ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Nikaogopa sana. Shati likaanza kulowa, nikakunja mikono kifuani, haikusaidia.

Barabara ilipofunguliwa foleni ilikwenda kwa kusota. Aliyesema mwenda pole hajikwai hakuwahi kukanyaga barafu, maana nilikuwa naenda pole na bado nyuma ya gari ikawa inakwenda inakotaka. Mbele yangu kulikuwa na mzee anayefunga breki kila kona. Nikamvumilia, nikamvumilia, kisha nikawasha indiketa nimpite.

"Dada," mwenzangu akasema, bila kupandisha sauti. "Ule mtoto anahitaji mama muzima."

Nikazima indiketa. Nilimfuata yule mzee milima yote, mtoto akilia masikioni mwangu ingawa hakuwepo, mpaka tukashuka kwenye mvua ya kawaida na lami ya kawaida. Mwenzangu alishuka stesheni ya Parramatta kukamata treni. Alinishika bega, jambo ambalo siku zile hatukuruhusiwa, akaenda zake.

Mama alifungua mlango kabla sijaingiza ufunguo. Mtoto alikuwa begani kwake, amefungwa kanga, sauti imemkauka, imebaki kwikwi. Nikavua viatu, nikapita moja kwa moja kwenda bafuni. Sikuwa na nguvu za kubishana na mtu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuoga. Nikamue."

Alinitazama shati, lililolowa mpaka kwenye mkanda wa suruali.

"Ya njiani yameshabaki njiani," akasema. "Nawa mikono, ukae. Mpe mwanao."

Nilikaa palepale sakafuni, mgongo ukutani. Mtoto alinyonya kwa pupa hadi akapaliwa, akapumua, akarudia, mkono mmoja umeng'ang'ania kola yangu. Nikalia bila kuficha. Mama akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Uji umeumaliza?"

"Gari limeumaliza."

Nilipoinua uso ndipo nikaona blauzi yake imefungwa vifungo upandeupande, na kifuani pamelowa mate.

"Mbona hukupokea simu, mama? Nimepiga mara mbili."

"Ningepokeaje? Nilikuwa nimempa titi langu." Akaanza kuvifungua vifungo na kuvifunga upya, kimoja kimoja. "Halina kitu tangu ulipoliacha wewe. Lakini alinyamaza kidogo."