Keza aliulizwa swali moja na watu watano, mmoja wao ni mimi

Mara nne mtoto alisema baba yake mdogo ndiye aliyemchapa kwa waya. Mara ya tano akasema alianguka.

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Kigali, Mnyarwanda niliyekulia Tanzania, ndiyo maana nimekuja kuyasemea hapa. Jina la mtoto nimebadilisha, tumwite Keza. Yaliyotokea sijabadilisha, pamoja na sehemu yangu, ambayo haipendezi.

Keza ana miaka saba, anaishi Gisozi na mama yake. Mama akiwa kazini, anabaki na baba mdogo, anayeishi nao.

Asubuhi moja, wakati wa kuvaa nguo za michezo, mwalimu aliona michirizi mgongoni. Akamuuliza, mtoto akamwambia.

Mwalimu hakuandika kitu. Alimshika mkono hadi ofisini: "Hebu mwambie mwalimu mkuu ulichoniambia."

Mwalimu mkuu naye akamwita kiongozi wa mtaa. Huyu aliuliza mbele ya watu watatu waliosimama: "Sema tena mwanangu, usiogope. Una uhakika?"

Wa nne nilikuwa mimi.

Nilijua utaratibu. Kila training tunaambiwa mtoto ahojiwe mara moja, na mtu mmoja aliyesomea. Lakini fomu yangu ilikuwa tupu, na fomu tupu ofisini hawapokei. Nikauliza.

Wa tano ndiye mpelelezi, aliyesomea kuhoji watoto. Ana chumba kitulivu, anarekodi. Huyo ndiye alipaswa kuwa wa kwanza na wa mwisho. Kwake Keza akasema: "Nilianguka kwenye ngazi."

Tulipotoka nje akanivuta mkono.

"Anti, leo nimepata?"

"Umepata nini?"

"Jibu."

Ilinichukua muda kuelewa. Darasani kwao mwalimu akirudia swali, maana yake umekosa. Keza aliona amekosa mara nne, akajaribu jibu lingine.

Nilimsimulia Mama Divine, mwenzangu wa ofisini Kacyiru aliyenitangulia miaka mingi kwenye kazi hii. Hakunionea huruma.

"Mmempa mtoto mtihani mara tano, halafu unashangaa kabadilisha jibu? Wewe na fomu yako!"

Nilichojifunza: ukiwa wa kwanza kuambiwa na mtoto, sikiliza. Usichimbe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na swali ulilouliza pia liandike. Mwambie amefanya vizuri kusema. Anayefuata mpe karatasi, si mtoto. Leo fomu yangu ikiwa tupu naandika "maelezo yapo kwa mwalimu" na naipeleka hivyo hivyo, wagombe wakitaka.

Kauli ya "leo nimepata" nimeiandika kwenye ripoti, neno kwa neno. Wenzangu mnaofanya kazi hii, mtoto akishabadilisha maelezo kwa sababu yetu sisi, mnafanyaje? Walimu pia semeni.

Kwa sasa Keza yuko kwa bibi yake. Ripoti ya daktari inasema alama zinafanana na za kuchapwa. Mama ameshikilia habari ya ngazi. Baba mdogo bado anaishi pale nyumbani, na wiki hii familia imeomba mtoto arudishwe kabla shule hazijafunguliwa.

Mpelelezi hajaamua achukue maelezo yapi.