Mkono wa Nyaboke Usiofika Sikioni

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1966, Abigael Nyanchera alimpeleka binti yake wa kwanza, Nyaboke, kuandikishwa darasa la kwanza katika shule iliyo karibu na soko la Ikonge. Ilikuwa mara ya pili kwa mtoto huyo kupimwa ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza alishindwa, na aliyemfundisha kushindwa ni mama yake.

Siku hizo watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, aguse sikio la kushoto. Ukifika, umri umetimia. Usipofika, rudi nyumbani ukale ndizi, uje mwakani.

Shule zilikuwa mbili, zote za serikali, na kila moja ilifundisha kwa lugha mbili. Ile ya mlimani, iliyoanzishwa na Wasabato, ilianza na Ekegusii: mtoto alisoma na kuandika lugha ya mama mpaka darasa la tatu, na Kiingereza kikaingia polepole kama mgeni anayebisha hodi. Ile ya sokoni ilianza na Kiingereza siku ya kwanza, na Kiswahili pembeni, kwa mtindo mpya uliokuwa ukisifiwa sana. Wazazi wa Ikonge walibishana juu ya shule hizo kama walivyobishana juu ya ng'ombe wa gredi na wa kienyeji.

Abigael alitaka ya sokoni. Miaka miwili nyuma alikuwa amempeleka Nyaboke hospitalini mjini Kisii akiwa na homa. Abigael aliisoma Biblia ya Ekegusii bila kukwama, hata vile vitabu vya manabii ambavyo wengine huviruka, lakini karani alipomuuliza kwa Kiswahili mtoto anaugua tangu lini, alibaki ameshika leso. Aliyejibu kwa niaba yake ni Esnah, binti wa jirani yake Drusilla, mtoto wa darasa la pili sokoni, aliyekuwa amewasindikiza.

"Usijali, mama," Esnah alimwambia baadaye. Hilo la kuambiwa asijali ndilo lililomuuma.

Kikwazo kilikuwa baba mkwe wake. Mwalimu Abner ndiye aliyefundisha darasa la kwanza mlimani. Nusu ya kijiji walijua kusoma kwa sababu yake, Abigael mmojawapo, kabla hajabatizwa. Hakuna aliyeuliza kama mjukuu wake angeenda kwake. Lilikuwa jambo lililokwisha.

"Mke wangu," alimtania Nyaboke, kama babu wa Kigusii anavyomtania mjukuu, "mwaka huu wewe ndiwe utakayenifutia ubao."

Makori, mume wa Abigael, alikuwa akifanya kazi ya ng'ombe wa maziwa huko Nyansiongo. Alipokuja nyumbani Desemba, Abigael alimwomba aseme na baba yake.

"Mimi? Nimnyime mzee mjukuu wake?"

"Basi nimwambie mimi?"

"Mambo ya watoto wadogo ni ya mama yao," Makori akasema, na kesho yake akapanda lori kurudi kazini.

Alijua alichokuwa akikikimbia. Kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna chinsoni, heshima iliyobeba aibu ndani yake: hawapeani mikono, haingii mmoja nyumbani mwa mwenzake, hawatazamani usoni, wala hawabishani. Neno "sitaki" halikuwa na pa kusimama kati yao. Kwa hiyo Abigael alitafuta njia isiyohitaji neno.

Aliipata shambani. Walipokuwa wakichuma chai alimwonyesha Nyaboke: kiwiko kibaki juu, kisilale kichwani, shingo iinamie upande wa pili. Vidole vitaishia kwenye nywele, mlimani wamkatae, apelekwe sokoni.

"Sokoro akikupima, fanya hivyo." Sokoro ndivyo wajukuu wanavyomwita babu.

"Ni mchezo?"

"Ni mchezo."

Alhamisi, mlimani, Abner alimpima mara mbili. Abigael alisimama mbali, uso ameuelekeza kwenye ua.

"Mke wangu, una mkono wa kuku," Abner akasema. Watoto wakacheka, na Nyaboke akacheka nao, kwa kuwa mchezo ameushinda. Kisha mzee, bila kumtazama mtu, akasema: "Asilie. Nitamngoja."

Jumatatu, sokoni, kulikuwa na foleni ya akina mama. Mwalimu mkuu, Margret Amolo, mwenyeji wa kando ya ziwa asiyejua Ekegusii, alisema na wazazi kwa Kiswahili. Nyaboke alipoambiwa apitishe mkono, aliupitisha kwa bidii ya mtoto mtiifu: kiwiko juu, shingo pembeni. Vidole vikakoma kwenye nywele.

"Bado, mama," Mwalimu Amolo akasema. "Mlete mwakani."

Abigael akainama, akanong'ona kwa Ekegusii: "Gusa sikio."

Nyaboke hakujua kunong'ona. "Kama kwa sokoro, au kweli?"

Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

Safari hii Abigael alilielewa swali. Shida haikuwa lugha tena. Drusilla, aliyekuwa nyuma yake, akatafsiri: "Anauliza afanye kama alivyomfanyia babu yake, au afanye kweli." Hakutia chumvi wala hakucheka. Angecheka, ingekuwa nafuu.

"Kumbe mkono wenyewe hurefuka ukiteremka mlima," akasema mwanamke mmoja huko nyuma, na foleni ikaanza kusemezana.

"Kweli," Abigael akamwambia mtoto. Mkono ukapita utosini, vidole vikalishika sikio lote.

Mwalimu Amolo alimtazama mama, si mtoto. "Babu huyo ni nani?"

"Mwalimu Abner," foleni ikamjibia.

"Yule ni mwalimu mwenzangu." Aliweka kalamu chini, akasema huku Drusilla akitafsiri: "Mama, nenda umwambie wewe, kabla hajaambiwa na soko. Nafasi ya mtoto nitaiweka mpaka kesho. Ukija bila kumwambia, sitamwandika."

Abigael alirudi kwa njia ya chini, ya mtoni, ambako watu hawapiti.

"Nimeshinda?" Nyaboke aliuliza. Mama yake alimwambia atazame anapokanyaga.

Maneno kama hayo yangebebwa na mama mkwe, lakini yule alikuwa amekwisha kufariki. Jioni hiyo Abigael alisimama nyuma ya ghala, mahali ambapo mke wa mwana husimama. Abner alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akipukuchua mahindi. Abigael alisema na ukuta wa ghala, akimwita mzee baba kwa Ekegusii.

"Tata, mkono wa Nyaboke unafika. Mimi ndiye niliyemfundisha usifike."

Punje ziliendelea kuanguka ungoni.

"Tangu Alhamisi," Abner akasema, "nimekuwa nikidhani macho yangu yameisha. Nilifikiri niache kufundisha." Aliweka gunzi chini. "Mke wangu, njoo nikupime."

Nyaboke akasimama mbele yake, akauinua mkono, akauacha hewani. Akageuka kumtafuta mama yake kwa macho, akingoja aambiwe ni mkono upi, wa mchezo au wa kweli.

Kule sokoni Abigael alikuwa ameona haya mbele ya watu, na haya ya namna hiyo alijua kwamba huisha pale watu wanapopata jingine la kusema. Hii hakujua itaisha lini. Binti yake hakuweza tena kugusa sikio lake mwenyewe bila kutazama kwanza uso wa mama yake.

"Kweli," akasema.

Vidole vikafika. Abner aliwekelea kidole chake juu ya vile vya mtoto, kuhakikisha.

"Unafika tangu lini?"

"Tangu tulipovuna wimbi."

"Basi umekua. Mtu aliyekua anaweza kuteremka sokoni peke yake."

Akaliokota gunzi. Kwa Abigael hakusema lolote, kama chinsoni inavyotaka, na Abigael akabaki nyuma ya ghala bila kujua kama kimya kile kilikuwa heshima au hasira.

Kesho yake asubuhi Nyaboke aliandikishwa katika shule ya sokoni. Mwaka wa 1969 mdogo wake, Nyasani, alianza darasa la kwanza mlimani kwa Mwalimu Abner, na aliyempeleka kupimwa ni Makori.