Pampu Iliyokataa Kuvuta Maji

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mmoja wao, ila niliishi nje ya kambi, mtaa wa Kasingirima, kwa shangazi yangu aliyeolewa Ujiji kabla ya vita vya kwetu Burundi. Mbele za watu nilimwita mama. Nikiulizwa kwetu, kwetu Manyovu, upande huu wa mpaka, basi. Kirundi nilikimeza, nikaongea Kiha cha watoto wa mtaa wetu. Mama mzazi alibaki kambini. Mtu akigundua, mimi narudishwa kambini, shule ndiyo kwaheri, na shangazi anapelekwa polisi kwa kunificha.

Likizo moja akaja shuleni kwetu dada wa chuo kikuu, anasomea uhandisi Dar es Salaam. Kila Jumamosi alitufundisha kutengeneza vitu kwa mikono yetu. Jamani, nilimpenda dada yule! Kucha zimejaa grisi na wala hajali. Alitaka kila mmoja wetu atengeneze pampu ya bomba la plastiki, ipandishe maji kutoka kwenye ndoo hadi kwenye pipa. Ndani inakaa fimbo yenye duara la mpira wa kandambili. Mpira ukibana sawasawa, maji yanapanda. Ukilegea, unavuta hewa tu.

Yangu ilivuta siku ya kwanza. Maji yakaruka yakamlowesha mwalimu wa zamu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tuvuke mpaka. Nikawa nalala nawaza mabomba, naamka nawaza mabomba.

Halafu dada akatangaza, furaha imemjaa usoni: tutashindanisha pampu, na mshindi atapanda treni kwenda kuonyesha pampu yake chuoni, ila kwanza aje na mzazi na cheti cha kuzaliwa, na picha yake itabandikwa manispaa. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikaenda nyumbani mbio.

Nilimwambia shangazi. Hakufoka. Aliendelea kusonga ugali, kisha akasema, "Mwanangu, ukishinda tumekwisha."

Asubuhi ya mashindano nilijificha nyuma ya vyoo, nikaupunguza ule mpira kwa wembe, pande zote. Iliniuma, we acha tu. Mbele ya watu nikavuta fimbo, nikavuta tena, pampu ikakohoa. Wakanizomea. Nilikuwa na hasira na wote: wao, dada, vita, na huyo aliyebuni vyeti.

Alishinda msichana niliyekaa naye dawati moja. Mpira wake nilimkatia mimi, maana yeye mkasi ulimshinda. Dada wa chuo akanijia, akanishika bega. Hakuwa na ubaya hata chembe.

"Usilie, mdogo wangu. Kazi hii si ya kila mtu."

Akamwita mshindi, akamwomba anieleze nilikosea wapi. Mwenzangu akaanza kunielekeza namna ya kukata mpira, bila kunitazama usoni. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia ahsante.